Baridi la Julai ndo muda wa kuandaa bustani ya vuli, Arusha na Moshi

Wadau wa bustani za nyumbani, habari za baridi. Najua saa hizi ukiamka Ilboru au Sakina au kule Ngaramtoni kitu cha kwanza unatafuta ni sweta na chai ya tangawizi, Meru hauonekani mpaka saa sita, manyunyu yanadondoka ambayo hata ndoo hayajazi, na ukitoka uani unakuta mchicha umedumaa, hoho uliyosia wiki tatu zilizopita bado ina vijani viwili tu, basi unasema aah, ngoja vuli ije ndo nianze upya.

Hapo ndo wengi tunapokosea, na nimeshakosea hivo hivo miaka miwili mfululizo kabla sijajifunza. Vuli yetu ni fupi jamani. Mvua inaanza Oktoba, au mwaka mwingine Novemba kabisa, Desemba inaisha, Januari jua kali. Sasa kama unasubiri tone la kwanza ndo uende kununua mbegu, miche yako inakuwa tayari kuhamishwa Desemba, inatoa maua wakati mvua imeshakata na bomba nalo linatoka mara mbili kwa wiki. Mvua yote imeliwa na magugu. Kwahiyo mimi siku hizi bustani ya vuli naianza Julai, katikati ya hili baridi, na hapa nitaeleza ninavyofanya hatua kwa hatua, nina ploti ya kawaida tu Moshono, uani si kukubwa.

Kwanza tuelewane kuhusu baridi lenyewe. Juni mpaka Agosti upepo wa kusi unaleta ubaridi na mawingu, Arusha mjini tuko mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari, usiku joto linashuka hadi nyuzi 12 hivi na kuna siku chini ya hapo. Moshi mjini mko chini zaidi, mita 800 na kidogo, kwahiyo wa Pasua na Njoro mna nafuu, ila ndugu zangu wa Kibosho, Machame na Marangu juu mnatetemeka kama sisi au kutuzidi. Jambo la kushukuru ni kwamba barafu iko kule Kibo, kileleni Kilimanjaro, haishuki kwenye sukuma wiki zetu. Baridi letu haliui mimea, linaichelewesha. Mbegu ya nyanya ambayo kwenye nyuzi 25 inaota siku ya 6 mpaka ya 8, kwenye nyuzi 15 inaweza kukaa wiki mbili ndani ya udongo, na huko ndani inaoza au inaliwa. Ukishajua hilo unaacha kulaumu mbegu, unahesabu siku.

Hatua ya 1: Chukua kalenda uhesabu kurudi nyuma

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote kwa maoni yangu. Andika tarehe unayotaka miche iwe imeshaingia shambani, mimi naweka mwisho wa Septemba hadi wiki ya kwanza ya Oktoba, ili mvua ikija ikute mizizi imeshashika. Halafu unarudi nyuma kwa idadi ya wiki ambazo mmea unakaa kitaluni, ukiongeza wiki moja au mbili za baridi.

Hoho na pilipili zinakaa muda mrefu, wiki 6 mpaka 8 kwenye joto la kawaida, sasa hivi hesabu 8 kamili, kwahiyo mbegu iwe ardhini wiki ya kwanza ya Agosti. Vitunguu maji navyo hivo hivo, wiki 6 hadi 8. Nyanya chungu na bilinganya wiki 6, sia katikati ya Agosti. Nyanya wiki 5 mpaka 6 wakati huu, nasia kati ya tarehe 15 na 20 Agosti. Kabichi, sukuma wiki na loshuu (mboga ya majani ya ukoo wa kabichi) hazina shida na ubaridi, wiki 4 au 5 zinatosha, hata mwisho wa Agosti hujachelewa. Karoti, mchicha, kunde, maharage, matango na maboga hayo yanaenda moja kwa moja kwenye tuta, kwahiyo yanasubiri Oktoba, na mchicha usimwage wote siku moja, sia kipande kila baada ya wiki 2 ndo utakula mfululizo, la sivyo utakuwa na mchicha wa kugawia mtaa mzima wiki moja halafu mwezi mzima unanunua.

Mwisho wa Agosti kwa kawaida Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, wanatoa mwelekeo wa mvua za vuli. Usikilize. Vuli ya 2023 walisema El Niño inakuja na mvua ilikuja kweli, kubwa, nilikuwa na vitanda vya usawa wa ardhi upande mmoja na matuta yaliyoinuka upande mwingine, vile vya usawa karoti zote zilioza. Ikisemwa mvua ni za juu ya wastani inua matuta sentimita 20 au 30 na chimba mifereji, ikisemwa ni chini ya wastani tengeneza vitanda vilivyozama kidogo vishike maji na punguza idadi ya nyanya.

Hatua ya 2: Pima kivuli, na kumbuka kitageuka

Hili hakuna aliyeniambia, nimeligundua kwa kukaa uani na kikombe cha chai. Sisi tuko kusini kidogo ya ikweta, nyuzi 3 na ushee. Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini, kwahiyo vivuli vya mchana vinaangukia kusini. Mwisho wa Septemba kuingia Oktoba jua linapita juu ya kichwa, baada ya hapo linaenda kusini na vivuli vinahamia kaskazini mpaka karibu katikati ya Machi.

Kwa vipimo, ukuta wa mita 2 saa sita na nusu mchana wa Juni unatupa kivuli cha mita 1 hivi upande wa kusini, Desemba ukuta huo huo unatupa kivuli cha sentimita 70 hivi upande wa kaskazini. Asubuhi na jioni kivuli ni kirefu zaidi. Maana yake nini? Kile kipande nyuma ya ukuta ambacho sasa hivi kina ubichi na kuvu na umeshakiandika kwamba hakifai, Oktoba kinaweza kuwa ndo sehemu yenye jua zuri kabisa kwa nyanya, na kile kinachopendeza saa hizi kitaingia kivulini. Mimi nilipanda hoho miaka miwili pahali pazuri pa Julai nikashangaa mbona Desemba zinarefuka tu hazizai.

Kujua kaskazini ni rahisi kwetu, ukiwa Moshi ukiitazama Kibo umetazama kaskazini, ukiwa Arusha mjini ukiutazama Meru hujapotea sana. Chukua karatasi, chora ploti yako, nyumba, ukuta, tenki, miti, halafu siku ambayo wingu limefunguka chora vivuli vya saa tatu, saa sita na saa kumi. Kisha kwenye karatasi hiyo hiyo vigeuze upande wa pili. Palipo na jua masaa 6 au zaidi weka nyanya, hoho, vitunguu, maboga. Penye masaa 3 au 4 weka spinachi, saladi, giligilani, mnavu, hata loshuu inavumilia.

Kama una mgrevilea kwenye fensi au mparachichi uliojitanua, Agosti ndo kupogoa. Matawi yasitupwe, yale manyoofu yatashikiza nyanya. Na kama unakaa kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga, chenye migomba usilazimishe nyanya katikati ya migomba, wazee wetu waliweka pale magimbi, viazi vikuu na kahawa kwa sababu walijua kivuli ni cha nani.

Hatua ya 3: Mbegu, pima kabla hujaziamini

Toa pakiti zote ulizobakiza kwenye kabati. Mbegu ya kitunguu ikipita mwaka mmoja inapoteza nguvu haraka sana, karoti inaenda miaka 2 au 3, nyanya na kabichi zikitunzwa pakavu zinafika miaka 4. Usibahatishe, chukua mbegu 10, zipange kwenye tishu yenye unyevu, kunja, weka kwenye mfuko wa plastiki, uache juu ya friji kwa nyuma pale penye joto. Baada ya siku 7 hadi 10 hesabu (hoho ipe mpaka 14). Zikiota 8 au 9 uko vizuri, zikiota 5 sia mara mbili ya ulizopanga, zikiota 2 nunua mpya na usione huruma.

Mwaka juzi nilinunua hoho duka moja hapa mjini, pakiti nzuri inang'aa, nikasia zote bila kupima, zikaota tatu. Wiki tano zimepotea, na wiki tano kwenye vuli ni nusu ya vuli. Tangu hapo nanunua Julai ili nipate muda wa kupima na kurudi dukani, na naangalia lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu) pamoja na tarehe ya kuisha.

Aina gani? Kwa nyanya za nyumbani mimi bado nazipenda Tengeru 97 na Tanya, zimetokana na utafiti wa hapa hapa Tengeru, zinavumilia mazingira yetu, ngozi yake ngumu haipasuki ovyo, na zaidi ya yote unaweza kujikamulia mbegu mwenyewe. Chotara, zile zilizoandikwa F1, zinazaa sana lakini mbegu yake ukiirudia haitoi mtoto anayefanana na mama. Kutunza mbegu ya nyanya: chagua tunda zuri lililoiva kabisa kwenye mti usio na ugonjwa, kamua kwenye glasi, acha siku 2 au 3 ichache mpaka utando ule utoke, osha, anika kivulini juu ya sahani si juu ya gazeti maana zinanata. Mbegu za loshuu, mnavu na mgagani nyingi nazipata sokoni Tengeru siku ya soko kutoka kwa mama wanaolima wenyewe, ulizia wamezivuna lini.

Hatua ya 4: Anza mboji leo, sio kesho

Mboji inahitaji miezi 3 hivi na baridi linaichelewesha, kwahiyo ya katikati ya Julai ndo inawahi Oktoba. Rundo liwe na angalau mita 1 kila upande, mita 1 juu. Likiwa dogo halipati joto hasa kipindi hiki. Chini weka mabua au matawi membamba hewa ipite, halafu tabaka la vitu vikavu (majani makavu, mabua ya maharage, nyasi), tabaka la vitu vibichi (maganda ya ndizi na mboga, magugu yasiyo na mbegu, mgomba uliokatwakatwa), samadi ya ng'ombe au mbuzi, udongo kidogo, majivu kiganja kimoja, nyunyiza maji, rudia. Funika na majani ya migomba au turubai, hii ni muhimu kwa baridi na kwa manyunyu.

Chomeka fimbo katikati. Baada ya siku 4 au 5 ichomoe uishike, ikiwa ya moto rundo linafanya kazi, ikiwa ya baridi na kavu ongeza maji, ikiwa ya baridi na inanuka ongeza vikavu na ugeuze. Geuza kila baada ya wiki 3. Samadi ya kuku ni kali, changanya kidogo kidogo, na samadi yoyote mbichi usiipeleke kwenye miche, inaunguza. Moshi mna bahati ya maganda ya kahawa na pumba za mpunga, chukueni viroba viwili vitatu mapema vya kutandazia.

Hatua ya 5: Kitalu cha wakati wa baridi

Hapa ndo kazi yenyewe. Sahau kitalu cha chini katikati ya bustani kwa hoho na nyanya, mwezi wa nane ardhi bado baridi. Tumia treya, au makopo ya Blue Band yaliyotobolewa, au beseni kuukuu. Udongo: sehemu 3 za udongo mzuri wa juu, 2 za mboji iliyoiva, 1 ya mchanga, chekecha. Kabla ya kutumia mwagia maji yanayochemka upoe, inaua vimelea vya kinyausi, ule ugonjwa wa miche kukatika shingo na kulala.

Mbegu za hoho na nyanya chungu naloweka usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu, nazikunja kwenye kitambaa chenye unyevu, zinakaa juu ya friji siku 3 au 4 mpaka nione ncha nyeupe, ndo nazisia kwa uangalifu, sentimita 1 kwenda chini. Treya inafunikwa na plastiki angavu mpaka miche ichomoze. Ikichomoza tu, ondoa plastiki mchana, rudisha usiku ikiwa imeinuliwa na vijiti isiguse majani. Ukiiacha imefunikwa muda wote unafuga ukungu.

Weka treya pahali panapopata jua la asubuhi na penye ukuta nyuma yake, ukuta wa tofali unakunywa joto mchana unalitoa usiku. Kwa sasa hivi huo ni ukuta unaotazama kaskazini. Barazani penye kivuli miche inarefuka kama uzi halafu inalala.

Maji: asubuhi kuanzia saa tatu, kidogo, maji yasiwe ya baridi ya bomba moja kwa moja, yaache kwenye ndoo juani kwanza. Jioni usimwagilie kabisa kipindi hiki, jani likilala limelowa kwenye baridi ndo mlango wa baka jani chelewa, na huo ugonjwa ukiingia kwenye nyanya na viazi unamaliza kitanda ndani ya wiki. Jisikie udongo kwa kidole, ukiwa na unyevu acha. Nadhani miche mingi ya baridi inauliwa na maji ya upendo kuliko kiu.

Kwa nyanya, tangu mwaka 2014 tuna kantangaze hapa nchini, yule mdudu anayechora njia ndani ya jani. Funika kitalu na neti ya matundu madogo tangu mwanzo, na kagua majani kila siku, lenye michoro litoe ulichome.

Hatua ya 6: Gata na tenki

Fupi tu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita mraba 1 ya bati ni lita 1. Bati la mita mraba 80 likipata mvua ya milimita 10 ni lita 800, toa kidogo inayopotea. Yaani mvua moja ya usiku inajaza mapipa manne. Lakini gata limejaa majani ya mgrevilea na kiungio kimeachia tangu masika, si ndio? Panda ngazi Agosti, safisha, ziba, maana fundi ukimwita siku ya mvua ya kwanza mtaa mzima unamwita.

Hatua ya 7: Udongo, Septemba

Ondoa magugu, chimba jembe zima kwenda chini, changanya mboji au samadi iliyoiva ndoo ya lita 10 kwa kila mita mraba 1. Kitanda kisizidi mita 1 upana ili ufike katikati bila kukanyaga. Mwagilia, acha wiki 2 magugu yaote, yang'oe yakiwa machanga. Kwa kufanya hivo palizi ya Novemba inapungua sana.

Angalia ulichovuna masika pale. Nyanya, hoho, bilinganya, nyanya chungu, mnavu na viazi mviringo ni ukoo mmoja, magonjwa yao ni mamoja, usizirudishe kitanda kile kile. Palipokuwa na nyanya weka maharage au vitunguu, palipokuwa na maharage weka kabichi au loshuu, zitafurahia.

Na wakati unasubiri, usiache bustani tupu. Julai na Agosti ni msimu mzuri wa karoti, kabichi, njegere, chainizi, spinachi, figiri, hizi zinapenda ubaridi na ladha yake kipindi hiki ni tamu zaidi. Angalia vidukari tu chini ya majani, ukiviona mapema maji yenye sabuni kidogo ya kipande yanatosha, pulizia asubuhi.

Hatua ya 8: Kutoa miche nje

Siku 10 kabla ya kuhamisha anza kuikomaza. Siku ya kwanza ipeleke kwenye jua la wazi saa moja, ongeza kila siku, punguza maji, siku 3 za mwisho ilale nje. Mche mzuri wa nyanya ni mfupi, shina nene kama penseli, majani 4 au 5 ya kweli. Ule mrefu mwembamba ukiwa huna mwingine uzike shina mpaka karibu na majani ya juu, utatoa mizizi ubavuni. Hoho usiizike hivo.

Hamisha jioni saa kumi na kuendelea au siku ya wingu. Nyanya sentimita 60 kwa 45, kabichi 60 kwa 45, hoho 50 kwa 40, vitunguu 15 kwa 10. Mwagilia shimo kwanza, weka mche, bana udongo, tandaza majani makavu ila yasiguse shina. Sota, wale viwavi wa udongoni, wanakata miche usiku pale chini, kwahiyo mimi navalisha kila mche pete ya karatasi ngumu, nusu ndani ya udongo nusu nje, na asubuhi yake napita na kijiti, nikikuta mche umekatwa nafukua hapo hapo pembeni, sota anakuwa amejikunja sentimita 2 au 3 chini, namtoa, naweka mche wa akiba. Ndo maana kwenye treya kila mara nasia kumi zaidi ya ninazohitaji.